Ndege Mmoja, Makoo Manne

Alfajiri kandokando ya ziwa, hapa Mwanza, husikika mluzi laini wa mapigo mawili, na papo hapo mkwaruzo kama wa kitambaa kinachochanwa. Mgeni atadhani ni ndege mmoja. Kumbe ni tiva wawili, wale wa kichwa cheusi na tumbo jekundu: dume hupiga mluzi, jike hudakia kabla sauti haijafifia.

Ufundi huohuo ndio uliobeba "Le Chant des oiseaux", wimbo wa ndege wa Mfaransa Clément Janequin, uliochapishwa Paris mwaka 1528. Ni wa sauti nne bila ala hata moja, na vikundi vya akapela vinauimba hadi leo. Tuufungue tuone ulivyoundwa.

Kwanza, Janequin hakumpa kila mwimbaji ndege wake. Alivunja milio kuwa silabi fupifupi zinazorushwa kutoka soprano hadi besi, huyu akiachia, yule akidaka. Pili, wakati ndege wanapolia, mapatano ya sauti karibu yanasimama palepale; kinachokimbia ni mdundo na konsonanti. Angeyabadilisha kila mara, sikio lingefuata muziki na kusahau ndege. Tatu, kabla ya kila kundi jipya la ndege, hurudi maneno ya kawaida yanayoeleweka. Pale msikilizaji hupumua.

Sasa tuulete ufundi huo Mwanza. Kwaya zetu nyingi hujifunza kwa nota za do-re-mi. Nota hizo zitakuonyesha sauti ipande wapi na ishuke wapi, lakini mkwaruzo wa tiva jike haziuandiki. Hapo silabi ndiyo nota, na Kiswahili kimekwisha kutuandikia: kwarara, hondohondo, dudumizi. Majina yenyewe ya ndege hawa ni milio.

Mchukue dudumizi, ambaye mlio wake hufanana na maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Teno na besi wagawane "du", kila mmoja nota moja, zikishuka na kupunguza mwendo, kisha mbili tatu za mwisho zipande. Akiimba mtu mmoja peke yake, pumzi itamsaliti. Wakipokezana, mlio unatiririka. Furukombe naye apewe soprano na alto, kwa kuwa dume ana sauti nyembamba kuliko jike, na mara nyingi wawili hao huitikiana.

Kosa la kawaida ni kumtafuta kijana hodari wa kuiga milio na kumweka mbele. Ukumbi utacheka mara ya kwanza, mara ya tatu utachoka, maana huo ni mchezo wa kuigiza. Kwaya imegeuka pazia.

Mwalimu wa kwaya, usiazime ndege wa Paris. Kabla ya kuandika nota ya kwanza, wapeleke waimbaji wako ufukweni alfajiri, wanyamaze nusu saa, kisha uwaulize: mlisikia ndege wangapi?