Maji Yenye Njaa

Ufundi wa kufuga viumbe wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi ya bahari, awe ni perege wa bwawani au kamba mdogo wa tangi la kioo, hujengwa juu ya elimu ya maji yenyewe, na katika miteremko ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, elimu hiyo huanza na kitendawili: maji yanayosifiwa na mnywaji ndiyo yanayompa mfugaji kazi. Maji hayo hutoka katika misitu ya milima ambayo kilele chake cha juu kabisa hupita mita 2,600, yakateremka juu ya miamba ya kale isiyoyeyuka kwa urahisi, hivyo hufika kwenye mifereji ya wanakijiji yakiwa maangavu na baridi, lakini yakiwa na kalsiamu na magnesiamu kidogo. Wataalamu huyaita maji laini. Kwa kiumbe anayetegemea kupata chakula humo, ni maji yenye njaa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufungulia mfereji, mfugaji hodari hunyunyiza chokaa ya kilimo kwenye sakafu ya bwawa, kwani chokaa hupunguza uchachu wa udongo na kuyapa maji uwezo wa kuhimili mabadiliko ya pH, kipimo ambacho 7 ndiyo kati yake, chini yake ni uchachu na juu yake ni hali ya alikali. Uwezo huo una thamani kubwa kuliko tarakimu yoyote nzuri iliyosomwa mara moja, maana mchana mwani hufyonza kaboni dayoksaidi na pH hupanda, usiku kila kilicho hai majini huirudisha gesi hiyo na pH hushuka, na maji laini yasiyotiwa chokaa huyumba mno kati ya hali hizo mbili. Kwa kamba chokaa ina faida nyingine, kwa kuwa kila anapokua hulivua gamba lake na kujenga jipya, na bila kalsiamu gamba hilo halikomai.

Baada ya chokaa hutiwa samadi kwa kiasi, na baada ya siku kadhaa za jua maji hugeuka kijani kwa mwani ambao ni chakula cha perege. Hapo ndipo jicho la fundi huonekana. Jua likishapanda, mfugaji huinama ukingoni, hukunja shati hadi begani, huzamisha mkono wima huku kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu, kisha hukitazama kinavyofifia: kikipotea maji yanapofika kiwikoni, kijani kimetosha; kikipotea mapema zaidi, samadi isitishwe; kikionekana bado, maji yangali na njaa. Padri na mnajimu wa Kiitalia, Angelo Secchi, alitumia kisahani cheupe mwaka 1865 kupima uangavu wa bahari, na kisahani hicho hutumika hadi leo duniani kote, ila mkono una sifa ya ziada ya kuhisi joto la maji kwa wakati huohuo. Udhaifu wake ni kwamba hautofautishi mwani na udongo, na milimani huku udongo ni suala zito lenye historia chungu, kwani amri ya kikoloni ya kuchimba matuta ya kuuzuia usimomonyoke ndiyo iliyowafanya Waluguru waandamane kule Matombo mwaka 1955. Maji ya kahawia baada ya mvua, hata yakificha kiganja, hayalishi samaki.

Saa mbili za hatari hufuatana katika bwawa lililorutubishwa kupita kiasi. Ya kwanza ni alfajiri, wakati mwani uliotoa oksijeni mchana kutwa umekuwa ukiivuta usiku kucha, na samaki huonekana wakipanua vinywa juu ya maji. Ya pili ni alasiri, na hii haina dalili ya wazi: amonia, inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza, huzidi kuwa na sumu kadiri pH inavyopanda, kiasi kwamba katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi sehemu yake yenye sumu kali haifiki asilimia 1 pale pH inapokuwa 7, lakini huzidi theluthi moja pH ikifika 9. Mfugaji anayeongeza pumba kwa huruma anaongeza sumu, na kujizuia huko, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiko sehemu ngumu zaidi ya ufundi wote.

Tangi la kioo hufundisha somo hilohilo kwa haraka, kwa sababu maji ni machache na kosa dogo halina pa kutawanyikia. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, huhitaji majuma kadhaa kuota kwenye changarawe na sponji la kuchujia, na kamba akitiwa kabla ya hapo hufa katika maji yanayong'aa kabisa.

Mambo haya hufundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mjini Morogoro mwaka 1984, na kituo cha serikali cha Kingolwira, mashariki ya mji, hushughulika na ufugaji wa samaki. Lakini kuna jambo moja lililo nje ya uwezo wa mfugaji. Mrututu na dawa nyingine za ukungu zenye shaba, zinazopuliziwa nyanya na mboga, ni sumu kali kwa kamba, ingawa damu yake yenyewe hubeba oksijeni kwa madini hayohayo ya shaba. Kinachomuua ni shaba iliyoyeyuka majini, hata ikiwa kidogo. Basi mwenye shamba juu ya mfereji, kabla hajajaza bomba la dawa, na amwarifu jirani wa chini ili afunge mlango wa maji siku hiyo.