Fundi Anayejenga Akiwa Ndani

Mafundi wengi humaliza kazi wakiwa nje, kisha wakarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Hondohondo jike humalizia ukuta wake akiwa ndani, gizani, na akishabandika bonge la mwisho hatoki tena kwa wiki nyingi. Kwa watu wa Kibwezi, Mutomo au Mwingi, kazi hiyo hufanyika karibu na mlango wao: katika mbuyu ulio nyuma ya jiko, au katika mgunga mzee uliovunjika tawi kando ya zizi la mbuzi. Kuitazama hakuhitaji gari la watalii. Kunahitaji kiti, kivuli na moyo wa kukaa kimya.

Kitui na Makueni zina hondohondo wa aina kadhaa. Yuko mwenye mdomo mwekundu mwembamba, yuko mwenye mdomo wa manjano, yuko wa kijivu, na yuko yule ninayempenda kuliko wote, hondohondo wa Von der Decken. Jina hilo ni la baroni Mjerumani aliyekwea sehemu ya Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, kisha akauawa kando ya Mto Juba mwaka 1865. Dume lake lina mdomo mwekundu wenye ncha ya rangi ya pembe za ndovu, na jike lina mdomo mweusi. Tofauti hiyo humfaa sana mtazamaji, kwa maana hata akiwa upande wa pili wa uwanja anajua ni nani aliyeleta chakula na ni nani aliyeingia tunduni.

Kalenda yao ni ile ile ya mkulima wa huku. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani. Kunde na pojo zinapochipua, panzi na viwavi nao hujaa, kumbikumbi hutoka ardhini, na ndege anayelisha watoto kwa wadudu hupata ghala lililofunguliwa. Hapo ndipo dume huanza kumletea jike vipande vya chakula akiwa bado huru, na wawili hao huanza kukagua miti.

Ukaguzi huo unastahili kutazamwa taratibu. Hondohondo hana uwezo wa kutoboa mti. Hutegemea tundu lililochimbwa na kuoza pale tawi lilipovunjika miaka mingi iliyopita, au shimo la kigong'ota lililopanuka baadaye. Jike huingiza kichwa, hutoka, huzunguka shina, hurudi, huingia mwili mzima na kukaa humo kitambo, huku dume likisubiri tawini. Tundu zuri lina sakafu iliyo chini kidogo ya mdomo wa shimo, ili mayai yawe salama na jike aweze kupokea chakula bila kuinuka sana. Lililo bora zaidi lina pia nafasi inayopanda juu ndani ya shina. Adui akija, jike na makinda hupanda humo wakajibanza mahali ambapo kucha hazifiki.

Akisharidhika, jike huanza kuziba. Mwanzoni hutumia tope, na akishajifungia huendelea na alicho nacho humo ndani, yaani kinyesi chake mwenyewe na mabaki ya chakula. Hupaka kwa ubavu wa mdomo akiutikisa upesi upesi, kama mwashi anayesawazisha lipu kwa mwiko. Hupiga, husimama, huhamia upande mwingine wa shimo, hupiga tena. Mchanganyiko huo ukikauka huwa mgumu ajabu. Mwishoni hubaki mwanya mmoja wima, mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Mwanya huo ndio dirisha, ndio njia ya hewa, ndio sahani, na ndio choo pia, kwa kuwa jike hugeuka akakielekeza kinyesi chake nje kwa nguvu. Kwa njia hiyo chumba ambamo ndege ataishi wiki nyingi bila kutoka hubaki kikavu na safi.

Nyoka, kanu na kenge hupita juu ya shina hilo wasipate pa kuingilia. Lakini usalama huo una gharama, na hapo ndipo heshima yangu kwa ndege huyu huzidi. Muda mfupi baada ya kujifungia, wakati wa kuanza kutaga, jike huangusha manyoya yote makubwa ya mabawa na mkia. Hawezi tena kuruka. Manyoya mapya huota polepole humo humo ndani, wakati akiatamia na kulea. Kwa hiyo kwa muda wa wiki kadhaa maisha yake, na ya mayai yake mawili hadi manne, yamo katika mdomo wa ndege mmoja aliye nje. Dume likiuawa na kipanga, au likishindwa kazi, jike hana mabawa ya kumwokoa.

Dume halishindwi kwa urahisi. Hondohondo wa jamii hii hubeba kitu kimoja kwa safari moja, kikiwa kimebanwa kwenye ncha ya mdomo: panzi mmoja, kiwavi mmoja, tandu, nge, mjusi mdogo. Ukikaa asubuhi nzima karibu na mti, utajifunza njia yake. Kwanza hutua kwenye tawi lile lile la mbali kidogo, akageuza kichwa huku na huku kuhakikisha hakuna anayemfuata. Kisha huja moja kwa moja kwenye mwanya, hushika gome kwa kucha na kupitisha chakula. Ncha ya mdomo mweusi huonekana kwa nukta moja, ikapokea na kutoweka. Mara nyingine huleta gamba la mti au jani kavu, na jike hutandika vitu hivyo sakafuni. Halafu huondoka, na kazi huanza upya.

Namna anavyopata chakula hicho ni ufundi mwingine. Katika nyika ya Taru, ukiteremka kutoka Mtito Andei kuelekea Mombasa, mtafiti Anne Rasa alichunguza uhusiano wa hondohondo na nguchiro wadogo wanaolala ndani ya vichuguu, na mwaka 1983 akachapisha alichokiona. Hondohondo hufika asubuhi na kusubiri nguchiro waamke. Wakichelewa, huchungulia kwenye kichuguu na kuwaita. Nguchiro wakianza kufukua majani, panzi huruka, na hondohondo huwadaka. Malipo yake ni ulinzi: hondohondo hupiga kelele mwewe anapotokea, hata yule mwewe anayewinda nguchiro tu na asiyemdhuru hondohondo. Nao nguchiro huchelewesha safari yao ikiwa ndege hao hawajafika.

Mayai hutagwa kwa kuachana siku kadhaa, na jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Baada ya wiki tatu na nusu hivi kinda la kwanza huanguliwa likiwa uchi, jekundu na kipofu, na wadogo zake hufuata mmoja mmoja. Matokeo yake ni familia yenye ngazi ya umri, ambamo mkubwa anaweza kuwa na nguvu maradufu ya mdogo. Mvua ikiwa nzuri wote hulishwa. Ikikatika mapema, mkubwa hushiba kwanza na mdogo huenda asiishi. Ni jambo gumu kulitazama, lakini ndivyo hesabu ya nchi kame inavyopigwa: afadhali kinda mmoja atoke na nguvu kuliko wote watatu wadhoofike pamoja.

Kisha huja siku ambayo sijaona inayoishinda kwa uzuri katika maisha ya ndege wa bomani. Kinda mkubwa akifikisha wiki tatu hivi, chakula cha dume moja hakitoshi tena. Jike, akiwa na manyoya mapya, hugonga ukuta wake mpaka ukavunjika, na hutoka mchana kweupe. Mtazamaji angedhani nyumba imebomolewa. Lakini kwa hondohondo mwenye mdomo mwekundu na ndugu zake wa karibu, makinda wenyewe huanza kukandika. Ndege ambao hawajawahi kuona jua, wenye midomo ambayo haijakomaa, huchukua kinyesi na mabaki ya chakula, wakaziba tundu kwa ubavu wa mdomo kama mama yao alivyofanya, wakaacha mwanya ule ule wima. Sasa wazazi wawili huwinda, na makinda hujilinda kwa ukuta walioujenga wenyewe. Baada ya wiki nyingine tatu hivi, wa kwanza huuvunja na kuruka, na waliobaki mara nyingi huziba tena nyuma yake hadi zamu yao ifike.

Ufundi huu wote unaanzia kwenye kitu ambacho ndege hawezi kukitengeneza, yaani mti mzee wenye tundu. Mti wa namna hiyo, machoni pa wengi wetu, ndio wa kwanza kukatwa. Umeoza, hauna mbao, kwa hiyo na uwe makaa. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti, na mjadala wa siku hizo ulihusu zaidi mvua, udongo na riziki za watu. Tundu halikuwa na msemaji. Hata upandaji miti, ambao ni kazi njema, haulirudishi haraka. Mukau, mti wa asili wa nyika hizi ambao taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeuboresha kule Kitui kwa ushirikiano na Japani, huvunwa ukiwa na miaka kati ya 10 na 15. Unampa mkulima mbao nzuri na ada ya shule, lakini hukatwa kabla ya kupata pango la kumtosha hondohondo.

Watu wa mahali pengine wamewahi kukabili upungufu kama huu. Nchini Marekani kuna ndege mdogo wa buluu anayetaga katika matundu, ambaye idadi yake ilishuka miti mizee ilipopungua na shorewanda na kwezi waliotoka Ulaya walipomnyang'anya makao. Lawrence Zeleny na wenzake walianzisha chama cha kumhifadhi mwaka 1978, na masanduku ya mbao yaliyotundikwa na watu wa kawaida nyuma ya nyumba zao yakamrudisha. Hondohondo nao hukubali masanduku. Katika Kalahari ya Afrika Kusini watafiti waliwafuatilia humo hondohondo wa mdomo wa manjano wa kule. Habari walizopata ni za kutia wasiwasi: kati ya miaka ya 2008–2011 na ile ya 2016–2019, majaribio ya kuzaa yaliyofaulu yalishuka kutoka asilimia 58 hadi 17, na hakuna lililofaulu pale wastani wa joto la juu la mchana ulipofikia nyuzi 35.7. Joto linapozidi, dume hulazimika kukaa kivulini akihema badala ya kuwinda, na ndani ya ukuta chakula hakifiki.

Kwa hiyo unene wa mbao una maana, na kivuli kina maana. Mabanzi membamba ya kiwandani hayafai hapa. Lakini Wakamba wanao tayari ufundi unaotakiwa. Kwa vizazi vingi wamechonga magogo, wakayatoa moyo na kuyatundika mitini kuwa mizinga ya nyuki. Mkono huo huo unaweza kuchonga gogo la hondohondo: lisimame wima, kuta ziwe nene, tundu litoshe jike kupita, sakafu iwe chini kidogo ya tundu, na juu yake ibaki nafasi ya kujificha. Liwekwe mbali na mizinga, maana nyuki nao hupenda chumba kitupu. Mwenye mbuyu au mgunga wenye pango hana haja hata ya kuchonga, auache tu usimame. Asiye nao atundike gogo lake kabla ya Oktoba, upande wa mti usiochomwa na jua la alasiri, na kazi ya ukuta amwachie anayeijua.