Inchi 18 za Kelele

Mliokuwepo Jumamosi ile kwenye karamu ya komunyo hapa Kalemie hamhitaji nisimulie. Mabati yalilia, chupa ya Simba ikatembea yenyewe mezani, na besi ikapiga noti moja tangu saa mbili usiku mpaka watu wanaaga. Mwenye nyumba alikuwa ameuza sabufa yake ya inchi 12, kasha lililofungwa pande zote, akaongeza dola na kununua ya inchi 18 yenye tundu, ya kupigia ukumbini. Nilipomuuliza sababu, alicheka: "Mukubwa, kikubwa ni kikubwa." Hapo ndipo alipokosea, na kosa si dogo.

Tuanze na chumba, kwa kuwa yeye hakuanza nacho. Saloni yake ni mita 5 kwa 4. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo urefu ule huvuma kwenye Hz 34 hivi, na upana kwenye 43. Sasa litazame kasha. Makasha ya ukumbini mara nyingi hutyuniwa kati ya Hz 40 na 50, maana kazi yake ni kufikisha mshindo mbali, si kushuka chini. Chini ya hapo sauti inaporomoka desibeli 24 kwa kila oktavu; kasha lililofungwa huporomoka nusu ya hizo. Inchi hazikwambii spika inashuka mpaka wapi.

Halafu akalisukumia kwenye kona, mahali panapoamsha mivumo yote ya chumba kwa mpigo. Noti ya fa ya chini kwenye gitaa la besi iko karibu na Hz 44. Kasha linaipenda, upana wa chumba unaipenda, kona inaipenda. Mpiga besi akipita hapo, nyumba inanguruma. Akipanda noti mbili tatu, hasikiki. Mtu anasimulia hadithi nzima, sisi tunasikia neno moja. Krosova nayo, ule mpaka ambapo sabufa huziachia kazi spika nyingine, aliipandisha mpaka Hz 150, na ukishapita Hz 80 kwenda 100 sikio linaanza kujua sauti inatoka wapi. Ndiyo maana mwimbaji alisikika kana kwamba nusu ya kifua chake imebaki nyuma ya kabati.

Nyaya alizifunga vizuri, na betri za sola zilishika ampli umeme wa kituo cha Bendera ulipokatika. Hongera kwa hilo.

Dola zilezile zingemletea ile ya inchi 12 pacha wake. Sabufa mbili za namna moja, zikisukuma pamoja, huongeza mpaka desibeli 6. Tena angeziweka kila moja katikati ya ukuta mfupi, zikitazamana: mvumo wa urefu ungejifuta, kwa sababu ncha mbili zinasukumwa kwa wakati mmoja, na ule wa upana usingeamka, kwa sababu katikati ndipo ulipokufa. Todd Welti wa Harman alilichambua jambo hili mwaka 2002, akaona sabufa mbili katikati ya kuta zinazotazamana zinakaribia kazi ya nne. Mbili ndogo mahali pake, si dubwana moja konani.

Najua kosa hili linatoka wapi. Ni ugonjwa uleule wa PMPO, zile wati za kupamba katoni, niliousema mpaka mkanicheka. Katoni imeandikwa wati 10,000. Geuza mashine, soma nyuma inakula ngapi: 60. Zikiingia 60, hizo elfu kumi zinatoka kwa mganga gani? Aliyezoea kununua namba iliyo kwenye katoni, kesho atanunua inchi.

Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa AR-1, spika ya inchi 12 ndani ya kasha dogo lililofungwa. Hewa iliyomo ndani ndiyo ikawa springi yake, na makabati makubwa ya enzi hizo yakaumbuka. Wazee wetu nao walimsikiliza Franco na TPOK Jazz kwenye mabafle ya mbao nzito, ungebisha hodi ukadhani unagonga mlango wa kanisa, na besi iliongea. Gitaa la nyuzi nne linaishia Hz 41 leo kama enzi zao. Rumba haijaongezewa shimo huko chini la kutufanya tukimbilie inchi 18.

Asiye na pesa leo afanye hivi: apandishe sabufa kwenye kiti anachokalia, apige wimbo ambao besi yake inatembea, kisha atambae kandokando ya kuta. Pale ambapo kila noti inamfikia sawa na mwenzake, ndipo sabufa ikae. Majirani watacheka. Wacheke.

Ile ya inchi 12 ilinunuliwa na kijana wa parseli ya tatu. Jumapili nilipita mlangoni kwake, nikasimama: besi ilikuwa inapanda na kushuka, noti kwa noti, na kikombe kwenye kizingiti kimetulia. "Mukubwa, ingia, juani unafanya nini?" Niliingia. Kasha lilikuwa chini ya dirisha, katikati kabisa ya ukuta. Nikamuuliza nani kamfundisha kuliweka pale.

"Hakuna," akasema. "Kwingine kote kumejaa vitanda."