Kupima Ubora wa Tuisheni ya Kiingereza ya Mtandaoni Mtwapa

Tuisheni ya mtandaoni, yaani masomo ya ziada ambayo mwalimu na mwanafunzi huyafanya kwa simu au kompyuta bila kuketi chumba kimoja, ilipata nafasi katika nyumba nyingi za pwani ya Kenya baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na haikutoweka madarasa yalipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Katika mji wa Mtwapa, upande wa kaskazini wa daraja linalouunganisha na Mombasa, Kiingereza ni somo linalofaidika sana na mpango huo, kwa kuwa ni la lazima katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilhali mtoto wa Mtwapa hulikuta hasa darasani, huku nyumbani, sokoni na ndani ya matatu akizungumza Kiswahili, Kigiriama au Kichonyi. Mzazi anayetafuta mwalimu huvutwa upesi na lafudhi nzuri, picha isiyokwamakwama na slaidi za rangi, mambo yasiyosema lolote kuhusu mafunzo yenyewe. Ubora wa tuisheni hii unakaguliwa mahali pengine kabisa: katika kazi ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe, ikasahihishwa, ikarudishwa, naye akaiandika upya.

Kipimo cha kwanza ni jinsi mwalimu anavyougawa muda wake kulingana na mtihani. KCSE ya Kiingereza ina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu, yaani barua, ripoti, hotuba na tungo nyingine zenye matumizi maalumu, 10 za kifungu chenye mapengo ya kujazwa, na 30 za stadi za mazungumzo. Karatasi ya pili ina alama 80, zinazogawanywa kati ya ufahamu, dondoo la kitabu teule, ushairi au fasihi simulizi, na sarufi, ambayo hupewa 15 tu. Karatasi ya tatu, yenye alama 60, ni ya insha. Kwa hiyo mwalimu anayetumia likizo nzima ya Agosti kwa mazoezi ya vitenzi na viunganishi anazihudumia moja kwa moja alama 15 kati ya 200, ingawa ni haki kuongeza kwamba sarufi mbovu huadhibiwa pia ndani ya insha na majibu ya fasihi. Mwalimu mzuri huifundisha sarufi humo humo, ndani ya sentensi ambazo mwanafunzi amekwisha kuziandika.

Sehemu inayomfichua mwalimu haraka kuliko zote ni stadi za mazungumzo, ambazo, kwa ajabu kidogo, hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa kuhusu maneno yanayotamkwa sawa lakini kuandikwa tofauti, mahali mkazo unapokaa, kiimbo, na adabu za mazungumzo. Hapa mtoto wa pwani ana faida na hasara zake mwenyewe. Aliyekulia katika Kiswahili hahitaji kufundishwa sauti ya kwanza ya neno la Kiingereza «think», maana anaitamka kila anaposema thelathini. Wala hana haja ya mazoezi marefu ya kutenganisha l na r, ambayo huwafaa wanafunzi wa baadhi ya jamii za bara. Tatizo lake liko katika irabu. Kiswahili kina irabu tano, hivyo «cat», «cut» na «cart» huangukia kwenye a moja, na «ship» huwa sawa na «sheep». Aidha, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, desturi inayomfanya mwanafunzi akaze silabi hiyo hiyo katika «photographer», mahali pasipostahili. Mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi wake hulitambua hili katika kipindi cha kwanza. Anayetumia mazoezi yale yale kwa wanafunzi wa kaunti zote hatalitambua hata baada ya muhula.

Vivyo hivyo katika sentensi. Kwa kuwa «yeye» ni mwanamume na pia ni mwanamke, viwakilishi vya Kiingereza vya jinsi hizo mbili hupishana katika insha za wanafunzi wengi. Na kwa kuwa «kitabu nilichokisoma» kina kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi, mwanafunzi huongeza kiwakilishi cha ziada anapoyasema hayo kwa Kiingereza. Mwalimu anayeijua asili ya kosa hulieleza mara moja na kulimaliza, ilhali asiyeijua hulipigia mstari mwekundu kila wiki.

Insha iliyosahihishwa ndiyo hati ambayo mzazi anapaswa kuiomba kabla ya kulipa, hata kama mzazi mwenyewe hasomi Kiingereza kwa wepesi, kwa sababu usahihishaji mzuri huonekana kwa macho. Insha ya kubuni katika karatasi ya tatu haipaswi kuzidi maneno 450, nayo huwekwa katika mojawapo ya madaraja manne: D kwa alama 1 hadi 5, C kwa 6 hadi 10, B kwa 11 hadi 15, na A kwa 16 hadi 20. Alama iliyowekwa peke yake juu ya ukurasa haina thamani kubwa. Kinachotafutwa ni sababu ya daraja hilo, makosa mawili au matatu yaliyochaguliwa ili yashughulikiwe kwanza, swali linalohusu wazo na si tahajia tu, kisha toleo la pili la insha ile ile. Karatasi iliyojaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini huonyesha bidii ya mwalimu, lakini humwacha mwanafunzi asijue aanzie wapi. Dalili mbaya zaidi ni vianzio vya kukariri, vyenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, ambavyo hubandikwa juu ya kisa chochote.

Katika vitabu teule, ambavyo ni pamoja na riwaya ya Paul B. Vitta, Fathers of Nations, ulaghai ni mwepesi, kwa kuwa muhtasari wa kila sura huuzwa kwa WhatsApp kwa bei ya soda. Insha ya fasihi kwa kawaida hugawiwa alama 2 za utangulizi, 12 za hoja, 2 za hitimisho na 4 za lugha; na hoja bila tukio mahususi kutoka kitabuni huvuna kidogo. Mwalimu hodari humtaka mwanafunzi afungue ukurasa, asome kwa sauti, aseme nani anatenda nini na kwa nini, kisha mwalimu mwenyewe hunyamaza kwa muda akingoja jibu. Kunyamaza huko, ambako mzazi anayesikiliza pembeni aweza kukudhania ni uvivu, ni sehemu ya kazi.

Kuhusu mitambo hakuna mengi ya kusema. Mkongo wa intaneti wa TEAMS, unaopita chini ya bahari, ulifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, lakini familia nyingi za Mtwapa bado hununua bando za intaneti kwa kiasi kidogo kidogo, kwa hiyo mwalimu anayepokea picha ya daftari na kurudisha maelezo kwa ujumbe wa sauti huweza kufaa kuliko yule anayedai video ya saa mbili. Usajili wa mwalimu katika Tume ya Huduma za Walimu, TSC, unastahili kuulizwa bila haya, na anayedokeza kwamba ana karatasi za mtihani zilizovuja aachwe siku hiyo hiyo.

Kwa mwanafunzi wa Gredi ya 10, darasa lililoanza sekondari pevu Januari 2026, ipo hoja ya ziada. Mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufika mwisho mwaka 2027, kabla hajamaliza, na mtaala mpya anaoufuata huhesabu pia tathmini zinazofanyika shuleni, kwa hiyo rundo la karatasi za miaka iliyopita, ambalo kwa walimu wengi ndilo mtaji wote, halitoshi. Mwalimu wa kiwango hicho aulizwe atageuzaje miradi na mawasilisho ya mdomo ya shuleni kuwa mazoezi ya kila wiki, na jibu lake lipimwe kwa mpango alioandika.