Wati za Sanduku, Sikio la Fundi

Anayetaka amplifaya kubwa zaidi mjini Busia siku hizi huanza na namba iliyochapwa kwenye sanduku: wati elfu tano, wati elfu kumi, na taa za rangi zinazorukaruka muziki ukilia. Kuna fundi upande wa Kenya, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda, ambaye huanza na mgongo wa mashine. Huigeuza, akatafuta kibati kilicho karibu na waya wa umeme, akasoma inakula wati ngapi. Mara nyingi ni 60, au pungufu. "Imekula sitini," humwambia mteja, "hizo elfu tano itazitoa wapi?" Hasemi kwa kejeli. Ni huzuni ya mtu aliyeona fedha za wenzake zikipotea hivyohivyo.

Nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi, na kila nikikaa naona jinsi tulivyoacha kusikiliza. Ukizidisha wati mara mbili, sikio linaongezewa desibeli 3 tu, tofauti ambayo watu wanaoongea sebuleni huenda wasiitambue. Ili muziki usikike kwa ukubwa maradufu, wati zizidishwe kama mara kumi. Na jioni nyumbani, kwa sauti ya kawaida, spika nyingi haziombi hata wati 2. Ndiyo maana NAD 3020, iliyotolewa mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kila upande, inatafutwa mpaka leo na watu wenye uwezo wa kununua chochote. Mwenye kujua hulipia transfoma nzito ya shaba na chuma, hulipia kepasita zenye akiba ya kutosha besi inapopiga ghafla, na hulipia ukimya ulio kati ya noti moja na nyingine.

Mashine za mitumba zinapofika mezani pake, Pioneer, Technics, Kenwood, kwanza huzinyanyua. Nyepesi huitilia shaka. Kisha hunusa matundu ya juu, maana transfoma iliyowahi kuungua haiachi harufu yake. Wala haichomeki moja kwa moja ukutani. Ana kipande cha ubao chenye soketi na holda, na kwenye holda amefunga balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye waya mwembamba ndani. Umeme hupita kwenye balbu ndipo uingie kwenye amplifaya. Akiwasha, macho yake hayapo kwenye mashine, yapo kwenye balbu. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia mpaka ikabaki na wekundu hafifu, kepasita zimejaa na hakuna ubaya. Ikiwaka na kuendelea kuwaka, ndani kuna shoti, naye huzima palepale, transista zikiwa zimenusurika kwa sababu mzigo wote umebebwa na balbu.

Naipenda balbu hiyo kuliko vipimo vyote vya kisasa nilivyowahi kuona. Haina skrini wala mwongozo wa lugha tano. Hatari huionyesha kwa mwanga ambao hata mtoto angeuelewa, na zamani iliuzwa shilingi chache katika kila duka la mtaa. Leo maduka ya pande zote mbili za mpaka yamejaa za LED, ambazo kwa kazi hii hazifai kitu, kwa kuwa hazina ule waya ambao ukipata moto hukaza na kuuzuia umeme. Fundi amebakiwa na balbu chache, kazifunga kwenye gazeti na kuziweka mbali na mikono ya watu. Tumefurahia bili ndogo za umeme, na tulikuwa na haki ya kufurahi, lakini hakuna aliyewauliza mafundi watatumia nini.

Umeme wenyewe una umri hapa. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na muongo ule haukwisha kabla nyaya hazijapita Tororo, ng'ambo ya mpaka, kuupeleka hadi Nairobi. Katika muongo huohuo redio ya serikali ya Uganda ikaanza kutangaza. Tororo ilikuwa na reli, saruji na maduka ya Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wenye maduka, bidhaa zikaadimika, na kilichoharibika ikabidi kitengenezwe. Uhaba ni mbaya, simtamanii mtu. Hata hivyo, ulizaa mikono ambayo wingi wa leo haujaweza kuizaa.

Kupima sauti, fundi ana kanda ya George Mukabi, mpiga gitaa wa magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 1963. Katika mtindo huo wa omutibo, kando ya gitaa kuna chupa ya soda inayoshika mapigo. Kwenye amplifaya mbovu chupa husikika kama mchanga unaomwagwa. Kwenye nzuri unasikia kioo, na unasikia kwamba kimeshikwa na mtu.

Mwalimu mmoja wa Tororo alileta amplifaya ya Kijapani ya marehemu baba yake, akitaka kuiongezea fedha achukue sabufa mpya. "Mwalimu, hii haijafa, imekauka tu," fundi akamwambia. Akabadilisha kepasita kubwa, akasafisha swichi za sauti, akabadilisha na transista mbili. Hizo ndizo zilizomchosha. 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 ni majina ya Toshiba yanayoheshimika, na sokoni bandia ni nyingi. Alivunja moja kwa nyundo akatuonyesha silikoni iliyo ndani, ndogo mno kwa kazi iliyoandikwa juu yake. Mwandiko ulikuwa safi kabisa.

Zipo mashine mpya nzuri, nakiri. Zinabana umeme, hazipati moto, na nyingine zinalia vizuri. Ila vifaa vyake ni vidogo kiasi kwamba ikiungua, hutupwa nzima. Vijana waliojifunza kwa fundi huyu wamehamia kwenye simu, ambako ndiko kuna riziki. Ile amplifaya ya mwalimu sasa ni nzima, na chupa ya Mukabi inasikika Tororo. Kepasita mpya nazo zitakauka, pengine baada ya miaka ishirini. Siku hiyo, akivuka tena mpaka na ule uzito mikononi, ampelekee nani?