Pongezi kwa Waandishi wa Maandiko ya Biashara

Halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachowakwamisha wengi ni andiko la biashara la kuombea mikopo hiyo. Kina mama wanaosindika karanga wanajua bei ya gunia na msimu inapopanda, lakini wakiambiwa waeleze mtaji, soko na marejesho kwa maandishi, kalamu inakuwa nzito.

Hapo ndipo ninapompongeza mwandishi wa kujitegemea. Aliye mzuri haanzi na kompyuta. Anaketi na kikundi, anauliza karanga zinatoka wapi, nani ananunua, mashine inakula umeme kiasi gani, na masika biashara inakwendaje. Majibu hayo ndiyo andiko lenyewe. (Wanaonakili andiko la ufugaji wa kuku na kubadilisha jina la kikundi tu, hao siwasemei.) Tena ana ujasiri wa kumwambia mteja kwamba mkopo anaoutaka umezidi uwezo wa mauzo yake.

Basi mwandishi huyo apewe malipo ya awali, asisubirishwe hadi mkopo utoke, kwani uamuzi wa kamati inayopitisha mikopo haumo mikononi mwake. Nawashukuru hasa wanaoandika Kiswahili ambacho katibu wa kikundi anaweza kukisoma kwa sauti mbele ya wenzake, na kila mwanachama akaielewa hesabu ya marejesho kabla ya kutia sahihi.