Furushi la Kwenda Kakesio

Kutoka Karatu unapita lango la Loduare, unapanda ukingo wa kreta, unaipita Endulen, ndipo unafika Kakesio. Fundi wa programu anayekwenda kufanya kazi huko bila kutegemea intaneti hubeba msimbo wake wote mfukoni, na namna anavyoufunga ndiyo inayonifanya nimheshimu.

Angeweza kunakili folda kwenye flashi. Lakini flashi ya FAT32 haitunzi ruhusa za faili. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ina amri ya git bundle: historia nzima ya ghala la msimbo inafungwa kuwa faili moja, yaani furushi. Ukifika unaifungua kwa git clone, kama vile unavuta kutoka kwenye seva.

Kazi yenyewe huanza pale ghala linapokuwa na maghala mengine ndani yake. Ghala la nje ni mama, ya ndani ni watoto, na mama habebi watoto. Anachokishika ni namba ya alama 40 inayotaja hatua moja tu (commit) ya mtoto, pamoja na faili ya .gitmodules yenye anwani yake. Fungua furushi la mama bila mtandao, utakuta folda za watoto ni tupu.

Basi fundi humfungia kila mtoto furushi lake, na wajukuu pia, kwa git submodule foreach --recursive. Hapo hatulii bado. Mara nyingine hatua anayoitaja mama haimo kwenye tawi lolote la mtoto, na furushi huchukua tu kinachofikiwa kutoka kwenye marejeo linayopewa, kama matawi na lebo. Huibandika lebo hatua ile kwanza, ndipo hufunga. Uangalifu huu mdogo naupenda kuliko yote, maana hakuna atakayeuona.

Kwenye kompyuta ya pili, ile ya kufungulia, hubadilisha anwani za watoto zielekee kwenye mafurushi. Tangu Oktoba 2022 Git hukataa watoto wanaotoka kwenye faili za kompyuta ileile, kwa sababu za usalama, hivyo huongeza protocol.file.allow=always kwa amri moja tu, ile ya kuwaleta watoto, mafurushi yakiwa ni yake mwenyewe.

Nawe ukisafiri, fanya hayo yote ukiwa bado Karatu: zima intaneti, fungua mafurushi kwenye folda mpya, kisha andika git submodule status --recursive. Ukiona alama ya kutoa mwanzoni mwa mstari wowote, usiwashe gari.